Gunia, Mbwa Asiye na Mstari

Rafiki zangu wa darasa la jioni, mliniuliza Jumatano iliyopita kwa nini nilikosa vipindi mwishoni mwa Aprili, na kwa nini kiganja changu cha kulia kina alama ya kamba. Rispa aliuliza kwa sauti kubwa kuliko wote, ingawa yeye ndiye chanzo. Nilisema habari hiyo ni ndefu, nitaiandika nyumbani. Mwalimu akasema basi iwe insha. Nimeiandika, ila urefu wake sikuupima.

Kwa wale waliojiunga nasi muhula huu, ni lazima nieleze kwanza. Marehemu mume wangu, Mzee Simiyu, alikuwa mlinzi wa lango huko Lavington kwa miaka ishirini na miwili. Waajiri wake walipohama nchi walimwachia mbwa mchanga wa aina isiyoonekana mara nyingi, mwekundu kama udongo wa kwetu Bungoma, ambaye nywele za mgongoni humwota kinyume, kuelekea kichwani, zikachora mstari kama upanga uliolazwa. Watu humwita mbwa wa mstari. Wetu alikuwa Sajini. Mzee hakumvuta kwa kamba hata siku moja. Jioni alisema tu, "Haya, kazini," akatangulia bila kugeuka, na Sajini akafuata. Mzee alipofariki, mbwa akabaki kuwa mlinzi wangu huku Silanga, Kibera, kando ya bwawa, ambako nina nyumba ya mabati na shamba dogo la sukuma na vitunguu. Sajini naye akafa kwa uzee, Jumatatu, tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi. Nilimzika mwenyewe chini ya mgomba.

Tangu saa hiyo sikuweza kumaliza kikombe cha chai nikiwa nimeketi. Nilikunywa nikizunguka nyumba, nikikagua kufuli, nikichungulia uani. Nyumba ya jirani yangu ilivunjwa mchana kweupe. Mwanangu Wafula alipopata habari akapiga simu kutoka Bungoma.

"Mama, tarehe thelathini Aprili nakuja. Nikikupata huna mbwa kama wa baba, tunafunga vitu, unakuja nyumbani."

"Nyumbani ni hapa."

"Na usiniokotee mbwa koko. Wa mstari, mama. Ule wa kuogopwa."

"Utamkuta langoni," nikamjibu, na nikakata simu kabla hajaongeza neno. Mnajua maana ya jambo hilo. Huko kijijini sina shamba langu, sina darasa, na nikiondoka nitarudi kuwa bibi wa kuletewa chakula na kuulizwa kama nimelala.

Mmoja wa walinzi waliofanya kazi na marehemu aliniambia kuna mfugaji huko Kawangware, mwenye mbwa wa mstari halisi, wenye vyeti. Rispa naye akaniambia kuna mama huko huko Kawangware anayeokota mbwa waliotupwa, na kwamba amewahi kuona kwake mbwa mwekundu. Nilimwahidi Rispa kwamba nitaona kote kuwili. Ukweli ni kwamba moyoni nilikuwa nimekwisha chagua cheti.

Kutoka Silanga hadi Laini Saba, Alhamisi, tarehe 24 Aprili

Nilitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa miguu, kwa sababu kuketi ndani ya gari nisingeweza. Sikufika mbali. Kando ya reli, Laini Saba, soli ya kiatu changu cha kushoto ilifunguka mdomo, nikalazimika kusimama kwa fundi wa viatu.

"Mathe, unaenda wapi na hii kiatu?"

"Kawangware."

"Na miguu? Kwani hujaskia kuna magari?"

"Nimesikia."

"Basi keti nishone."

"Nitasimama."

Akawageukia wenzake. "Huyu mathe anataka nishone kiatu ikiwa mguuni!" Wakacheka, nami nikavua kiatu, nikasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Alipouliza ninakoharakia, nikamweleza kwamba ninakwenda kununua mbwa. Aliacha sindano hewani.

"Kununua? Mathe, nipatie dakika kumi na kamba, nitakushikia watano hapa hapa. Tena hao wa hapa wanajua mpaka saa ya treni."

Nilimwambia ninataka wa mstari. Akafikiri kidogo, akasema hata yeye anaweza kuchorwa mstari akilipwa vizuri. Nilikaa hapo karibu saa nzima, yaani nilisimama.

Ubao wa Mbwa Kali

Nilipita Sarang'ombe, nikashika Kibera Drive hadi Barabara ya Ngong, na mvua ikanipata karibu na Dagoretti Corner. Nilijisitiri kwenye kibanda nikala chapati na maharagwe nikiwa wima, mwenye kibanda akiniuliza kila mara kama kuna mtu nimemkosea huko nitokako. Nilipofika Kawangware niliuliza nyumba ya mzee wa mbwa. Mwanamke mmoja mwenye beseni la ndizi akanionyesha kwa kidevu: "Si hiyo geti ya bluu, imeandikwa."

Kweli ilikuwa imeandikwa MBWA KALI, kwa herufi nyekundu. Nilibisha hodi kwa uangalifu. Akatoka bibi wa makamo yangu, amefunga kitambaa kichwani, akaniangalia kuanzia viatu.

"Nimekuja kumwona mbwa," nikasema.

"Umemwona."

"Sijamwona bado."

"Mbwa ni huo ubao," akasema. "Miaka kumi na moja, na hajawahi kula." Akanikaribisha chai, nikainywa nikitembea uani mwake, kisha akanielekeza kwa mzee wa mbwa, ambaye nilikuwa nimempita mara mbili.

Kwa Mzee Njuguna

Mzee Njuguna ni mmoja wa wenye ploti wa zamani. Ana nyumba za kupangisha pande tatu za uwanja wake, na upande wa nne ni vibanda vya mbwa vilivyopakwa chokaa. Alinifutia kiti kwa leso yake mwenyewe. Aliniita Madam. Aliniagizia soda. Sijui kama mnaelewa jambo hili linavyomfanya mwanamke mzee aliyezoea kufukuzwa njiani kwa "shosho, songa": nililegea kama sukuma kwenye mvuke.

Akamtoa Jenerali. Rafiki zangu, sitawadanganya: alikuwa mzuri. Dume la miezi kumi na minne, mwekundu, na doa jeupe kifuani kama tone la uji, na mgongoni mstari ulionyooka ambao Mzee Simiyu angeusimamia na kuupigia saluti.

"Cheti hiki hapa," akasema Mzee Njuguna. "Soma mwenyewe, Madam."

Nilisoma mwenyewe. Mnakumbuka kwamba mimi niliingia darasani nikiwa na miaka hamsini na miwili, na kabla ya hapo kitu cha pekee nilichojua kukisoma ni kalenda ya ukutani. Kwa hiyo macho yangu huenda kwenye tarehe kabla ya yote. Cheti kilisema amezaliwa tarehe 9 Februari mwaka jana, idadi ya watoto wanne.

"Wote walikuwa na mstari?" nikauliza.

"Kwangu hazaliwi mwingine. Wanne, mistari minne."

Hakuniuliza ninaishi wapi. Hakuniuliza ninaishi na nani. Aliuliza tu kama ningependa aandike cheti kwa jina langu au la mume wangu. Nilisema kwa langu. Nikampa neno langu kwamba Jumamosi ningerudi, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi Rispa, na ahadi ya kwanza ndiyo hutangulia.

Kwa Nekesa, Ijumaa, tarehe 25 Aprili

Makao ya Nekesa yako upande wa Gatina, nyuma ya karakana ya magari. Kuna ua wa mabati yenye kutu na kelele unayoisikia kabla ya kuuliza njia. Nekesa ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, mtu wa kwetu, mwenye buti za mpira na sauti ya kuamrisha. Alinisalimu kwa lugha yetu, akiniita mama:

"Mulembe, mayi. Karibu. Usimguse huyo wa jicho moja, bado ana hasira."

Nilipofika ilikuwa saa saba. Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa ajabu, na kutoka humo ilinuka harufu ya ugali na matumbo. Nilikuwa sijala tangu alfajiri. Nikajiambia: hawa ni watu wetu, mgeni hawezi kuondoka bila kula. Nikanawa mikono kwenye bomba, nikapangusa, nikasimama karibu na meza nikiwa nimeshika mikono yangu safi mbele yangu kama mtu anayesubiri sala. Wanawake wawili wakaibeba ile sufuria, wakapita nayo mbele yangu, nikawapisha kwa adabu, na wakawamiminia mbwa.

Nekesa aliona. Hakucheka, au alicheka akiwa amenipa mgongo. Akanipa chai na mandazi mawili, kisha akatoa daftari.

"Mayi, unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Mbwa atalala wapi?"

"Mlangoni."

"Ndani ya mlango ama nje?"

Nikaanza kukasirika. "Mbona maswali?"

"Mbwa wa mwisho alikufa wapi? Nani alimzika?"

"Nilimzika mimi, kwa jembe langu, na nilivaa nguo za kanisani!"

Akaandika hayo. "Sawa. Nikikupa mbwa, nitakuja nione nyumba kwanza."

Nilisimama, ingawa nilikuwa nimesimama tayari. "Nekesa, mimi sijakaguliwa nyumba na mtu yeyote tangu wajomba wa mume wangu walipoleta mahari. Mzee wa mbwa wa vyeti amenifutia kiti, na hakuniuliza hata swali moja."

"Ndiyo maana nusu ya hawa wako hapa, mayi," akasema.

Niliaga kwa ufupi. Nilipofika langoni nikashindwa kutoka. Mbwa jike, mwekundu, alikuwa amelala akiziba njia, kichwa juu ya miguu. Hakubweka wala kuonyesha meno. Alinitazama tu, kama Sajini alivyokuwa akiwatazama wachuuzi wa simu waliobisha langoni. Kifuani alikuwa na doa jeupe kama tone la uji. Nikainama kutazama mgongo wake. Ulikuwa laini, nywele zote zimelala kuelekea mkiani. Hakuwa na mstari.

"Huyu anaitwa nani?"

"Gunia. Ndimo alimotoka."

"Lini?"

Nekesa akafungua daftari nyuma kabisa, nami nikalichukua mkononi mwake nikasoma mwenyewe. Imeandikwa kwa kalamu ya risasi: tarehe 10 Februari mwaka jana, mtoni Gatina, gunia la sukari, watoto watatu, wawili wamekufa, mmoja hai, kitovu bado kibichi. Nilisoma mara mbili, kwa maana mwalimu ametufundisha kwamba tarehe haisomwi mara moja.

Nilitembea hadi Silanga bila kukumbuka nilipita wapi.

Kurudi kwa Mzee, Jumamosi, tarehe 26 Aprili

Nilikuwa nimetoa neno, kwa hiyo nilirudi. Kiti kilikuwa kimefutwa tayari. Jenerali alikuwa ameoshwa, anang'aa, na cheti kilikuwa mezani na majina yangu yote matatu, bila kosa.

"Mzee Njuguna," nikasema, "Jenerali alizaliwa na wangapi?"

"Wanne. Umesoma."

"Na wale watatu wasio katika cheti?"

Akasogeza cheti karibu naye. "Nani amekwambia?"

"Kalenda."

Akacheka, tena bila aibu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapepeta mchele. "Aah, Madam. Hao hatuhesabu. Mbwa bila mstari utamwandikia cheti gani? Ukimwacha akue, watu watasema mbegu ya Njuguna imeharibika. Wafugaji wengi walikuwa wanafanya hivyo tangu zamani. Hata hajui chochote, ni wa siku moja."

Nilimtazama Jenerali, na ninawaambia kweli kwamba nilimtamani. Zilikuwa zimebaki siku nne. Nikiondoka naye, Wafula angemkuta langoni vile nilivyojigamba, na ningebaki nyumbani kwangu. Nikiondoka na yule mwingine, mwanangu angemtazama mgongo na kuanza kufunga masanduku.

Lakini neno lile, "hatuhesabu", lilikuwa limeniingia. Baba yangu alikuwa na watoto tisa, na kila alipoulizwa alijibu kwamba anao wanne. Hakuwa akidanganya. Wasichana hawakuwa wakihesabiwa, na ndiyo sababu jina langu halikupelekwa shuleni pamoja na majina ya kaka zangu. Baba hakuwa mtu mbaya. Hata yeye alikuwa akifuta kiti kwa ajili ya wageni.

Nikakunja cheti chenye jina langu, nikakirudisha mezani, nikaweka chupa ya soda juu yake kisipeperuke.

"Madam, umekasirika?"

"Hapana. Nimechagua."

Njia ya kurudi, watatu

Nekesa alikuwa amevaa kiatu cha safari nilipofika, kana kwamba alijua. "Sikupi kadi yake ya chanjo mpaka nione nyumba," akasema. "Tunaenda wote." Hakuna gari lililokubali kutubeba, na bodaboda wa kwanza alimtazama Gunia akawasha pikipiki akaondoka bila kujibu salamu. Kwa hiyo tulitembea, mimi nikiwa mbele na kamba, Nekesa nyuma na daftari.

Sijawahi kusalimiwa na watu wengi hivyo katika maisha yangu.

"Niaje mathe! Hiyo umbwa inauma?"

"Inauma wanaouliza."

"Mathe, unapeleka hiyo nyama ya samosa wapi?"

"Wewe si ndiye mteja?" akajibu Nekesa, na kibanda kizima kikapiga makofi.

Karibu na mtaa wa Olympic mwanamke mmoja aliruka mtaro akiwa na trei ya mayai, yakabaki salama yote, kisha akatutukana kwa kina kwa sababu yangeweza kuvunjika. Mhubiri wa barabarani alikatiza mahubiri yake kuuliza kama mbwa amechanjwa. Nekesa akamwonyesha kadi ya chanjo. Akaisoma kwenye kipaza sauti.

Tulipofika kwenye reli, Gunia akalala. Si kando ya reli: juu yake, katikati ya vile vyuma viwili, tumbo chini, miguu minne imelegea. Nilivuta. Ndipo nilipopata hii alama mnayoiuliza. Wauza omena wakaanza kukunja maturubai yao, ishara ambayo kila mtu wa Laini Saba anaijua. Mama mmoja akapaza sauti, "Wewe, toa hiyo kitu, treni inakam!" Mwingine akashauri nimmwagie maji, na mwingine nimpe omena. Fundi wangu wa viatu akatokea, akatazama mgongo wa Gunia, akapiga ukelele: "Mathe! Siku tatu zote, na ulinunua hii? Iko wapi laini?"

"Laini ndiyo ameilalia!" akajibiwa na muuza omena, na watu wakacheka huku honi ikisikika kwa mbali.

Nilivuta tena mpaka kiganja kikachubuka. Nekesa alikuwa amemshika mbwa kifuani akimvuta, lakini mbwa hakusogea. Ndipo nikamkumbuka niliyepaswa kumkumbuka, marehemu mume wangu. Nikaachia kamba, nikamwambia Nekesa naye aachie. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Haya, kazini," nikageuka, nikaanza kutembea kuelekea Silanga. Nyuma yangu watu walikuwa wakipiga kelele kwamba mathe amemwacha mbwa afe. Kila unywele mwilini mwangu ulitaka nigeuke. Nilihesabu hatua kumi na saba. Katika ya kumi na nane, kitu chenye unyevu kiligusa kiganja changu, mahali palipochubuka.

Treni ilipita nyuma yetu. Sikugeuka kuitazama hiyo pia.

Nyumbani, Nekesa alikagua kila kitu: ua, kufuli, ndoo ya maji, hata chini ya kitanda. Nilimfuata nikiwa nimefunga mikono, nikijifanya sijali, ilhali nilikuwa nimefagia mara mbili alfajiri. Mwisho akafika kwenye mgomba, akaona mawe niliyopanga juu ya Sajini na kibao chenye tarehe. Aliinama, akaisoma tarehe. Kisha akafunga daftari bila kuandika, akanikabidhi kadi ya chanjo.

"Mayi, vumilia tu jina lake. Ameshalizoea."

Silanga, Jumatano, tarehe 30 Aprili

Siku nne zilizofuata sikulala vizuri. Gunia hakubweka hata mara moja, nikaanza kuogopa kwamba nimeleta nyumbani blanketi. Nilizunguka nyumba, naye akanifuata, tukazunguka wawili.

Saa moja na robo asubuhi ya Jumatano nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikitembea jikoni, niliposikia geti la mabati likifunguliwa bila hodi. Kisha sauti ya mwanangu, nyembamba kuliko ninavyoijua.

"Mama?"

Nikachungulia dirishani. Wafula alikuwa amesimama hatua mbili ndani ya geti, begi begani, jogoo amefungwa miguu kwapani. Mbele yake alisimama Gunia, amemziba njia, kichwa chini, hajabweka, hajaonyesha jino. Wafula akijaribu kushoto, Gunia alikwenda kushoto. Akirudi nyuma, Gunia alisogea hatua moja, si zaidi. Jogoo peke yake ndiye aliyekuwa akilalamika.

"Mama! Mwite mbwa wako!"

"Mtazame mgongo kwanza," nikasema kutoka ndani. "Ana mstari?"

"Mstari gani? Mama, huyu mbwa ananiangalia vibaya!"

"Ulisema usipouona tunafunga vitu. Nauliza kama umeuona."

Nadhani alijaribu kutazama mgongo, kwa maana nilimwona akinyoosha shingo, na Gunia akanyoosha yake.

"Mama, tafadhali. Huyu ni mbwa gani?"

"Ni wa baba yako."

"Sawa! Sawa, nimekubali. Sasa mwite, gari ya kurudi Bungoma inaondoka saa nne!"

Nilivuta kiti kutoka chini ya meza. Niliketi. Nikaweka sukari kijiko cha pili, nikakoroga, nikamaliza kikombe chote, ndipo nikaenda kumfungulia mwanangu mlango.